Mbavu za Ndege na Mashine Zinazozichonga

Ndani ya bawa la ndege ya abiria, chini ya ile ngozi laini ambayo msafiri huiona kwa dirisha lake, zimepangwa mbavu za metali, moja baada ya moja, tangu penye shina la bawa hadi nchani. Nazo ndizo zinazolipa bawa umbo lake, zinazoizuia ngozi isibonyee wakati hewa inapoinyanyua ndege, na zinazoyagawa matangi ya mafuta yaliyomo humo ndani. Ukiutwaa ubavu mmoja kabla haujafungwa mahali pake, utastaajabia wepesi wake: kuta zenye unene wa milimita moja au mbili tu, vyumba vya mraba na vya pembetatu vilivyopakana ukuta kwa ukuta, na matundu yaliyokatwa kwa kipimo ili mafuta na mabomba yapate njia. Walakini ubavu huo haukukunjwa kutoka karatasi ya bati, wala haukumiminwa katika kalibu, wala haukuungwa kwa vipande. Ulikuwa bamba moja zito la alumini, na kila kisichokuwa ubavu kiliondolewa.

Tufanye hesabu kidogo, maana ukubwa wa jambo hili haudhihiriki pasipo hesabu. Bamba lenye urefu wa mita 2, upana wa mita 1 na unene wa sentimita 10 lina uzani wa takriban kilo 560, na katika kazi ya aina hii si ajabu sehemu 90 hadi 95 katika kila 100 za bamba kugeuka maranda. Likitoka mashineni limebaki kilo 28, au pengine 50. Msomaji ana haki ya kuuliza ni akili gani hii, ya kununua metali ghali namna hiyo, iliyosafishwa, ikapashwa moto, ikavutwa na kupimwa kwa uangalifu mkubwa, kisha kuigeuza karibu yote kuwa takataka. Nami naona kwamba jibu la swali hilo ni mojawapo ya mambo mazuri kabisa yaliyotokea katika ufundi wa metali tangu watu walipoanza kuruka.

Jibu lenyewe huanzia kwenye viungo. Watu wa pwani wanaijua habari hii tangu kale: jahazi huundwa kwa mbao nyingi, na kila mahali mbao mbili zinapokutana pana misumari, pana kalafati, na pana hofu ya maji kupenya, bali mtumbwi huchongwa katika gogo moja la mwembe, na ijapokuwa sehemu kubwa ya gogo huishia kuwa vibanzi chini ya tezo, kilichobaki hakina kiungo cha kuvuja. Ndege za zamani ziliundwa kwa njia ya kwanza. Ubavu mmoja ulikuwa mabati membamba yaliyokunjwa, pembe za kuyatia nguvu, na mamia ya ribiti za kuyafunga pamoja. Na kila ribiti ilihitaji tundu, na kila tundu ni mahali ambapo metali, baada ya kunyanyuliwa na kushushwa mara nyingi mno angani, yaweza kuanza kupasuka. Fauka ya hayo, kila kipande kina michoro yake, kalibu zake, ghala lake, na watu wa kukishika wakati mwenzao anapopiga ribiti. Kwa miaka mingi mafundi walijua kwamba kipande kimoja kingekuwa bora kuliko vingi, lakini kukichonga kulichukua muda mrefu hata gharama yake ikakishinda kile kilichoungwa. Kilichogeuza mizani ni kasi. Ndege ya kivita ya Marekani F/A-18 ya aina E na F, ambayo ni kubwa kuliko ile iliyoitangulia kwa kadiri ya robo, ilitangazwa kuwa na sehemu pungufu kwa asilimia 42, na uchongaji wa kasi ulikuwa mmoja wa misingi ya upungufu huo.

Kabla ya kuieleza kasi, yafaa tuijue metali yenyewe, maana alumini safi ni dhaifu, haifai kubeba bawa. Mjerumani Alfred Wilm, akifanya uchunguzi karibu na Berlin, aligundua katika mwaka wa 1906 kwamba alumini iliyochanganywa na shaba kiasi cha asilimia 4 na magnesiamu kidogo, ikipashwa moto na kuzamishwa ghafula katika maji, huzidi kuwa ngumu yenyewe kwa muda wa siku kadhaa, imelala mezani bila kuguswa na mtu. Siri ya jambo hilo haikufunuka hata 1938, ndipo Guinier wa Ufaransa na Preston wa Uingereza, kila mmoja kwa njia yake, walipoonyesha kwa miale ya eksirei kwamba chembe za shaba hujikusanya ndani ya metali na kuyazuia matabaka yake yasiteleze. Katika 1936 kampuni ya Sumitomo ya Japani ilipata aloi yenye zinki iliyokuwa na nguvu zaidi, ikatumika katika ndege ya kivita ya Zero. Katika 1943 kampuni ya Alcoa ya Marekani ilitoa aloi ya jamaa hiyo hiyo, ambayo leo hutambulikana kwa tarakimu 7075. Na baadaye ikaja 7050, inayostahimili vizuri zaidi kutu na nyufa pale bamba linapokuwa nene. Uzani wa aloi hizi ni kama theluthi moja ya uzani wa chuma cha ujazo uleule, ilhali nguvu za zile zilizo bora hushindana na za pua ya kawaida.

Metali ilikuwapo, basi, lakini mkono wa mtu haukuweza kuliongoza tezo la mashine katika mikunjo ya bawa kwa usahihi uliotakiwa. Hapo ndipo anapoingia John T. Parsons wa Traverse City katika jimbo la Michigan, mtu ambaye hakusoma chuo kikuu, aliyekuwa akitengeneza mapanga ya helikopta. Mhandisi wake, Frank Stulen, alikuwa ameanza kuzitumia mashine za kadi zilizotobolewa ili kuhesabu nukta za mkunjo wa panga, na Parsons akawaza kwamba, ikiwa tarakimu zaweza kuuchora mkunjo, basi tarakimu hizo hizo zaweza pia kuiongoza mashine ya kuchonga kutoka nukta hadi nukta. Katika 1949 Jeshi la Anga la Marekani lilimpa mkataba, na haja ya jeshi ilikuwa ni hii hii tunayoisimulia: mabawa ya ndege za jeti ambayo ngozi yake na nguzo zake vimechongwa pamoja katika bamba moja. Kazi ya kuunda mtambo wa uongozi ilipelekwa katika Taasisi ya Teknolojia ya Massachusetts, na mwaka wa 1952 mashine ya kwanza ilionyeshwa hadharani, ikisoma amri zake kutoka utepe wa karatasi wenye matundu. Miaka saba baadaye, katika 1959, taasisi hiyo ilipoitangaza lugha ya kuandikia amri za mashine iliyobuniwa chini ya Douglas Ross, waandishi wa habari walipewa kila mmoja kisahani cha majivu ya sigara kilichochongwa kwa alumini. Parsons mwenyewe aliwekwa kando katika sehemu kubwa ya kazi hiyo, na ilimbidi angoje hadi 1985 ndipo yeye na Stulen wakatunukiwa nishani ya taifa. Mimi huona ni haki jina lake litajwe kila habari hii inapoelezwa.

Sasa tuje kwenye kasi, ambako maarifa ya watu wengi hukwama, kwa sababu kila aliyewahi kukata chuma anajua kwamba ukizidisha kasi kisu hupata moto, na kisu kikipata moto hupoteza makali. Mjerumani Carl Salomon alijipatia hataza katika 1931 kwa dai lililopingana na ujuzi huo: kwamba joto huongezeka pamoja na kasi hadi kikomo fulani, kisha, mtu akithubutu kuvuka kikomo hicho, joto hurudi chini, na ng'ambo ya pili kuna uwanja ambao kisu hukata kwa wepesi. Dai hilo liliwavuta wachunguzi kwa miongo mingi. Vipimo vya baadaye havikulithibitisha kama alivyolisema, maana joto halishuki. Hupanda polepole zaidi na zaidi hadi likakaribia lile joto ambalo metali inayokatwa huyeyuka, na hapo halina pa kwenda. Lakini katika kulisahihisha dai la Salomon wachunguzi wakaipata hazina, hasa kwa alumini. Alumini safi huyeyuka katika nyuzi 660, na aloi zake huanza kuyeyuka kabla ya hapo, ilhali kisu cha kabaidi huhifadhi ugumu wake katika hararati iliyo juu ya hiyo. Maana yake ni kwamba alumini, hata ikikatwa kwa kasi ya namna gani, haina uwezo wa kukichoma kisu kinachoikata. Na kwa kuwa kila randa hutoka na kuruka mbali kabla joto halijapata wasaa wa kuenea, sehemu kubwa ya joto huondoka pamoja na randa, na ubavu unaobaki hausumbuliki sana. Titani na pua havikujaliwa tabia hiyo, ndiyo sababu mashine ninazozieleza hapa zimeundwa kwa ajili ya alumini peke yake.

Kwa hiyo kikomo cha kasi kilihama kutoka kwenye kisu kikaja kwenye mashine. Fimbo nene inayokishika kisu na kukizungusha, ambayo mafundi huiita spindeli, katika mashine hizi huzunguka hadi mara 30,000 kwa dakika, yaani mara 500 katika sekunde moja, huku mota iliyojengwa ndani yake ikitoa nguvu za kilowati 120. Kisu chenye kipenyo cha milimita 50 kikizunguka kwa kadiri hiyo, ukingo wake huenda mwendo wa kilomita 280 kwa saa, na kila gramu moja ya metali iliyoko ukingoni huvuta kwenda nje kana kwamba uzani wake ni kilo 25. Jino moja likivunjika, litaruka kama risasi. Kwa hiyo mashine hufungwa ndani ya kuta nene na madirisha yaliyotengenezwa kustahimili pigo. Vigololi vya beringi havikuundwa kwa pua bali kwa kauri, kwa sababu kauri ni nyepesi na haivutwi nje kwa nguvu nyingi. Mkono unaokishika kisu una uwazi ndani, na hushikwa kutoka humo ndani, ili kadiri mzunguko unavyoongezeka ndivyo vishikio vinavyotanuka na kukaza zaidi. Na kila kisu pamoja na mkono wake hupimwa usawa kabla ya kutiwa mashineni, maana uzani mdogo uliokaa upande mmoja hutosha kuiharibu spindeli yenye thamani kubwa.

Adui aliyebaki ni mtetemo. Mmarekani Frederick Taylor, ambaye alitumia miaka mingi kuchunguza ukataji wa metali, alilalamika katika andiko lake la 1907 kwamba hili ndilo jambo lililofichika kuliko yote yanayomkabili fundi, na kwa kweli lilibaki limefichika kwa nusu karne. Jambo lenyewe ni hili. Jino la kisu likipita juu ya metali huku kisu kinatikisika kidogo, huacha nyuma yake uso wenye mawimbi madogo. Jino la pili linapokuja, nalo likiwa linatikisika, linayakuta mawimbi ya mwenzake. Iwapo mawimbi ya jino la pili yanapanda pale yalipopanda ya kwanza na kushuka pale yaliposhuka, unene wa randa hubaki uleule, kisu hakisukumwi huku na huku, na kazi huendelea kwa utulivu. Lakini iwapo la pili linapanda pale la kwanza liliposhuka, randa huwa nene, kisha nyembamba, kisha nene, na unene huo unaobadilika hukipiga kisu kwa wakati muafaka wa kukizidishia tikisiko lake, hata baada ya kitambo kidogo mashine nzima inapiga ukelele, uso wa ubavu umejaa makovu, na ukuta mwembamba umechanika.

Jiri Tlusty, aliyeanza kazi hii Czechoslovakia na kuimalizia Marekani, na Tobias wa Birmingham nchini Uingereza, waliyatia maelezo haya katika hesabu, na hesabu hizo zilitoa matokeo ambayo fundi wa zamani asingeyasadiki. Kila kisu, kwa jinsi kilivyoshikwa, kina mtikisiko wake wa asili. Tuseme ni mara 1,000 kwa sekunde. Ikiwa kisu kina meno mawili na kinazunguka mara 30,000 kwa dakika, meno yake hupita mara 1,000 kwa sekunde, yaani sawasawa na mtikisiko wa asili; kila jino linakuta mawimbi ya mwenzake yamelala yanavyotakiwa, na fundi aweza kuzamisha kisu kwa kina kikubwa pasipo ukelele wowote. Akishuka hadi 15,000 atapata tena utulivu, kwa kuwa baina ya jino na jino kisu hutikisika mara mbili kamili. Bali akisimama mahali fulani katikati, kwa kudhani kwamba mwendo wa wastani ni salama, kina kilekile kitaiharibu kazi. Hivyo ikawa kwamba tiba ya mtetemo mara nyingi ni kuongeza kasi, na kuiongeza hadi mahali mahususi palipohesabiwa. Yako maabara na viwanda vinavyokigonga kisu kwa nyundo ndogo yenye kipimo ndani yake ili kukisikiliza kinavyolia, na iko mitambo inayosikiliza kazi kwa maikrofoni na kumshauri fundi mzunguko ulio bora. Naliheshimu sana jambo hili, kwa sababu fundi mzee aliyetega sikio lake kwenye mashine na kugeuza gurudumu hadi kelele iishe alikuwa akiitafuta nukta hiyo hiyo, ijapokuwa hakuwa na hesabu ya kumwonyesha njia.

Kuta nyembamba zina taabu yake ya ziada, maana ukuta wenyewe hutikisika. Dawa yake ni utaratibu: mtunzi wa programu haumalizi upande mmoja wa ukuta mpaka chini, bali hukata kidogo upande huu, kidogo upande wa pili, akishuka ngazi kwa ngazi, ili sehemu inayokatwa iwe daima imeegemea metali nene iliyo chini yake ambayo bado haijaguswa.

Nimetaja mashine bila kusema umbo lake, nalo lina maana kubwa. Kisu chake huongozwa kwa mihimili mitano, yaani njia tano za mwendo. Mitatu ya kwanza ni ya kwenda: kushoto na kulia, juu na chini, mbele na nyuma. Miwili iliyobaki ni ya kuinama na kugeuka, nayo inahitajika kwa kuwa bawa limepindika, na ukingo wa ubavu unaoigusa ngozi hauna budi kulala sambamba na ngozi hiyo katika kila nukta, kwa pembe inayobadilika polepole tangu mbele hadi nyuma. Kisu kisichoweza kuinama kingelazimika kuupata ukingo huo kwa vijingazi vingi vidogo vidogo. Kisu kinachoinama huku kikienda huukata kwa ubavu wake kwa pito moja. Kampuni ya Makino ya Japani, katika mashine za jamii ya MAG, huinamisha na kugeuza kichwa cha spindeli juu ya viungo vyake. Wajerumani wa Dörries Scharmann, katika mji wa Mönchengladbach, walishika njia nyingine katika mashine waliyoiita Ecospeed, ambayo baadaye iliingia chini ya kampuni ya Starrag: kichwa chake hushikwa na miguu mitatu iliyo sambamba, na miguu hiyo ikisogea pamoja kisu huenda mbele, ikisogea kwa kutofautiana kisu huinama upande wowote hadi kadiri ya nyuzi 40. Faida yake ni wepesi wa kugeuka pembeni, kwani katika ubavu wenye vyumba vingi kisu hufika kona kila baada ya kitambo kidogo, na mashine iliyo nzito kugeuka hupoteza konani muda wote iliouokoa katika mstari ulionyooka.

Na mashine hizi ni za mlalo, maana yake spindeli imelala, ilhali bamba limesimamishwa wima kama ukuta mbele yake. Sababu ni maranda. Mashine inayotoa lita 5 za metali kwa dakika hutoa kilo 14 za maranda katika dakika hiyo moja, nayo yakiwa yamejikunja na kulegea huchukua nafasi kubwa mno kuliko metali iliyotoka. Bamba likilazwa, maranda hujaa ndani ya vyumba, kisu huyakata mara ya pili na ya tatu, uso hukwaruzwa, na joto ambalo lilipaswa kuondoka hurudi. Bamba likisimama, maranda huanguka yenyewe hadi kwenye mkanda wa chini unaoyachukua, nayo maji ya kupozea huyasukuma yale yaliyosita. Wakati kisu kinaendelea na bamba moja, mafundi hulifunga jingine kwenye paleti iliyolala nje, ambayo baadaye huinuliwa na kuingizwa ndani, na hivyo spindeli haikai bure. Maranda hayo yataka hadhari, kwa kuwa alumini iliyo laini kama unga huweza kushika moto, na moto huo hauzimwi kwa maji, ambayo yakikutana na alumini inayowaka hutoa hidrojeni na kuuchochea. Huzimwa kwa mchanga mkavu au unga maalumu.

Pana jambo moja ambalo kasi haiwezi kulitibu. Bamba lilipozamishwa katika maji baada ya kupashwa moto wa nyuzi zaidi ya 450, uso wake ulipoa kwanza na kiini chake baadaye, na kiini kilipojikunyata kiliuvuta uso uliokwisha kukaza. Tangu hapo nje kunasukumana na ndani kunavutana, kwa mizani iliyo kamili. Fundi akiondoa sehemu 95 za bamba la namna hiyo, mizani huvunjika, na ubavu aliouchonga kwa usahihi wa sehemu ya kumi ya milimita hujipinda mara tu unapofunguliwa. Kwa sababu hiyo, mabamba ya ndege, kabla ya kuondoka kwenye kiwanda cha metali, hukamatwa ncha zote mbili na kuvutwa hadi yarefuke kwa asilimia 1.5 hadi 3, ili mivutano ya ndani isawazike. Hata hivyo hubaki kidogo, na mtunzi wa programu aliye hodari huchagua ubavu ukae wapi katika unene wa bamba, na hukata upande mmoja kisha wa pili kwa zamu. Hapa ndipo mashine mbili zilizo sawa, katika viwanda viwili, zinapotoa kazi zisizolingana.

Kuhusu maranda yenyewe, hayatupwi. Alumini inapotolewa katika madini hula umeme kama uniti 14 kwa kila kilo, hata bamba letu la kilo 560, ikiwa lote lilitoka katika madini, limekwisha kula uniti zipatazo 7,800; bali kuyeyusha maranda kunataka takriban sehemu 5 tu katika 100 za nishati hiyo. Viwanda huyakamua maji, huyashindilia yakawa matofali, na huyarudisha kwa myeyushaji. Sharti ni kwamba maranda ya aloi yenye zinki yasichanganywe na ya aloi yenye shaba, kwani mchanganyiko hauwezi kurudi kuwa bamba la ndege, na thamani yake hushuka. Mimi siwezi kuusifu ufundi huu kwa moyo mkunjufu katika kiwanda kinachoyachanganya, maana metali iliyogharimu nishati yote ile hushushwa daraja kwa uvivu wa kutenga mapipa.

Uwezo wa mihimili mitano haukubaki jambo la mafundi peke yao. Dola nazo ziliutambua. Katika miaka ya mwanzo ya 1980 kampuni ya Toshiba Machine ya Japani iliiuzia Urusi ya Kisovieti mashine kubwa za kuchonga mapanga ya nyambizi, pamoja na mitambo ya uongozi iliyotoka kwa Kongsberg ya Norwei, kinyume cha masharti ya mataifa ya magharibi yaliyokataza biashara hiyo. Habari ilipofichuka mwaka wa 1987, wakuu wawili wa Toshiba walijiuzulu, na baadhi ya wabunge wa Marekani waliivunja redio ya kampuni hiyo kwa nyundo mbele ya bunge lao. Hofu yao ilikuwa kwamba panga lililochongwa vizuri halipigi kelele majini, na nyambizi isiyopiga kelele haisikiki. Tangu 1996 mashine zenye mihimili mitano au zaidi inayokwenda kwa pamoja zimeingizwa katika orodha ya mapatano ya Wassenaar, na anayetaka kuinunua ile iliyo sahihi sana kutoka nchi nyingine huulizwa ni nani, ataiweka wapi, na atachonga nini.

Wako wanaosema kwamba siku za mashine hizi zinahesabika, kwa kuwa ndege mpya zinaundwa kwa nyuzi za kaboni. Boeing 787, ambayo Kenya Airways na Air Tanzania zote mbili huirusha, ina uzani ambao nusu yake ni nyuzi hizo, na alumini imebaki asilimia 20 tu. Lakini katika bawa la ndege hiyo hiyo, ambalo sanduku lake huundwa na Mitsubishi mjini Nagoya, ngozi ni ya kaboni na mbavu ni za alumini iliyochongwa. Nyuzi za kaboni hupendeza pale nguvu inapokwenda kwa njia moja ndefu, kama katika ngozi ya bawa. Ubavu hupokea nguvu kutoka ngozi ya juu, ngozi ya chini, boriti ya mbele, boriti ya nyuma na mafuta yanayosukasuka, kila moja kwa upande wake, na metali haijali inavutwa kutoka wapi. Tatizo ni kwamba alumini ikigusana na kaboni penye unyevu huliwa na kutu upesi, kwa hiyo tabaka la nyuzi za kioo au rangi nzito huwekwa baina yao, na mahali ambapo kugusana hakuepukiki watengenezaji wamehamia kwenye titani, ambayo ni ghali zaidi, nzito zaidi, na huchongwa polepole kwa sababu ile ile ya joto niliyokwisha kuieleza.